Mwalimu Breki na Mbwa Aitwaye Pole

Shemeji yangu alikuwa anaamini kwamba duniani hakuna kiumbe chenye pumzi ambacho yeye hawezi kukifundisha kwa siku kumi na nne. Aliamini hivyo waziwazi, mbele za watu, na kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

Kazi yake ni kufundisha udereva. Ana miaka ishirini na miwili amekaa pembeni ya dereva katika kigari cheupe chenye pedali za ziada upande wake, na kwa miaka yote hiyo neno lililomtoka mdomoni kuliko mengine ni "Breki!" Ndiyo maana wanafunzi wakambatiza Mwalimu Breki. Yeye anadhani ni jina la heshima.

Mimi ni karani wa shule hiyo ya udereva. Naandikisha wanafunzi, na Jumanne nafundisha alama za barabarani. Kwa kuwa mke wake ni dada yangu mkubwa, namvumilia kazini na namvumilia nyumbani, yaani sina pa kupumzikia.

Sasa, tulikuwa na mwanafunzi mmoja, mwanamke mrefu, mpole, mtunzaji katika makao ya mbwa waliotelekezwa. Alikuwa ameshaanguka mtihani wa barabarani mara mbili. Si kwamba hakujua kuendesha. Tatizo ni kwamba shemeji akipayuka, yeye aliachia usukani ili azibe masikio.

Alhamisi moja alikuwa anarudisha gari nyuma pale uani kwetu shuleni, mbwa mmoja wa mtaani akakatiza. Yule mtunzaji akasimamisha gari taratibu, akamsubiri apite.

"Breki!" shemeji akaunguruma, ingawa gari lilikuwa limeshasimama.

Wakashuka. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanafunzi watatu wakisubiri zamu, na shemeji akiona watu watatu pamoja hujiona yuko jukwaani.

"Mbwa ukimbembeleza atakupanda kichwani," akaanza. "Mbwa ni kama mwanafunzi tu. Amri moja, sauti moja, kwisha kazi. Mimi nimefuga mbwa wa kila aina."

Kule kwenye dirisha la ofisi kalamu yangu ilisimama yenyewe. Nimemfahamu huyu mtu miaka kumi na sita. Kitu pekee nilichowahi kumwona akifuga ni masharubu, na hayo pia yalimshinda.

"Mwalimu, kumbe!" yule mtunzaji akasema, uso umemchangamka. "Basi Jumamosi njoo kwetu. Tunao mbwa ishirini na watatu wanaomtafuta mtu kama wewe."

Shemeji akaangalia benchi. Benchi likamwangalia.

"Jumamosi saa tatu nipo," akasema. Mdomo ulishamponza mwenyewe.

Jioni nilipita kwao. Dada yangu ni fundi wa nguo, na chumba chake cha mbele kina cherehani, meza kubwa ya kukatia vitambaa na kioo kirefu cha wateja. Alipoambiwa habari ya mbwa alitoa pini mdomoni, moja moja, mpaka zikaisha.

"Wewe," akasema, "ambaye kuku wa jirani akikukodolea macho unabadili njia?"

"Yule kuku ana kichaa," shemeji akajibu.

Jumamosi tulienda watatu. Makao yenyewe ni ua mrefu wenye vyumba vya wavu pande zote mbili, sakafu imepigwa dawa mpaka macho yanawasha. Mwanafunzi wetu alitupokea akiwa na mabuti ya mpira na faili kwapani. Garini yeye ndiye hutetemeka. Hapa aliyetetemeka alikuwa mwingine.

"Nina maswali machache ya fomu," akasema. "Umewahi kufuga mbwa, eti?"

"Nimekulia miongoni mwa mbwa," shemeji akajibu.

"Hilo nimelishuku siku nyingi," dada akanong'ona.

"Mbwa mkubwa anakula mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea nidhamu yake."

Yule mtunzaji aliandika kitu kirefu kuliko jibu lenyewe. "Na nyumbani kwenu kuna kelele?"

Mimi nilishikwa na kikohozi. Dada akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Kelele?" shemeji akasema. "Nyumba yetu ni kama maktaba."

Tukaanza kukagua. Alikuwa ameshatuambia njiani kwamba anataka dume, jeusi, la kutisha, na kwamba jina lake ni Jenerali. Dume jeusi lilikuwepo, chumba cha tatu. Lilisimama likabweka mara moja tu. Nilipogeuka nimwone shemeji, sikumwona. Alikuwa nyuma ya dada yangu, ameshika mkoba wake kwa heshima, kama mpambe wa bibi harusi.

"Huyu hana adabu," akasema akiwa huko huko. "Tuendelee."

Chumba cha mwisho alikuwa amelala jike la rangi ya udongo, refu, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Mlango ulipofunguliwa aliinuka, akatoka bila haraka, akamwendea shemeji na kumwegemea mguuni kwa uzito wake wote. Shemeji akakakamaa kama nguzo ya alama ya "simama".

"Ananifanya nini?" akauliza bila kusogeza midomo.

"Amechoka kusimama peke yake," mtunzaji akasema. "Anaitwa Pole."

"Pole ni jina la mbwa au ni rambirambi?"

"Ni jina lake, mwalimu. Ana kama miaka sita. Amechukuliwa mara mbili na kurudishwa mara mbili. Wa kwanza walimrudisha kwa sababu habweki. Wa pili walikuwa watu wa kupayuka. Alijificha nyuma ya friji siku tisa, akaacha kula." Akainama, akamsawazisha lile sikio lililokunjika, nalo likakunjika tena. "Sasa wageni wakija hata hainuki. Leo ndiyo nimemwona akiinuka."

Shemeji akaangalia chini. Sijui alifikiri nini. Najua tu kwamba alikohoa, akasema, "Basi. Amenichagua. Jenerali, twende."

"Una mwezi mmoja wa majaribio," mtunzaji akasema, akimpa kamba. "Nitakuja kukagua, na nikiona hafai, nitamchukua."

"Mbwa akionekana hafai?"

"Hapana, mwalimu. Wewe."

Masomo yalianza siku ile ile. Shemeji alichukua koni sita za shule, zile za kufundishia kuegesha, akazipanga uani kwake. Alivaa kofia. Akasimama mbele ya mbwa, akajaza kifua, akatoa ile sauti yake inayosimamisha malori.

"Jenerali! Kaa!"

Jenerali hakukaa. Jenerali aliondoka. Aliangusha koni nne, akaingia ndani kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya miguu ya mteja aliyekuwa anapimwa sketi, akajichimbia chini ya meza ya kukatia. Mteja tulimkuta amesimama juu ya kiti, na pini bado zimo kwenye pindo. Dada yangu alimtazama mumewe kwa namna ambayo ingetosha kukata kitambaa.

Siku mbili mbwa hakutoka pale chini. Chakula alikula, lakini mpaka shemeji aondoke chumbani. Naye shemeji, mtu wa miaka ishirini na miwili ya uzoefu, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, katikati ya vipande vya nyuzi na bitana, akibadilisha sauti. "Jenerali." "Jenerali wangu." "Jenerali, mama." Mbwa aligeuza uso ukutani.

Siku ya tatu jirani mmoja alikuja kuchukua gauni lake. Akamkuta mwenye nyumba chini, akashtuka.

"Kulikoni, mwalimu?"

"Amekataliwa na mbwa," dada akaeleza, hakuacha kukanyaga cherehani.

"Jamani. Pole, mwalimu."

Chini ya meza mkia ukapiga sakafu. Mbwa akatoka, akamruka shemeji kama unavyorukwa mkeka, akaenda kukaa mbele ya jirani, masikio juu, au tuseme sikio.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Katika lugha hii yetu saa haipiti mtu hajapewa pole. Umebeba mzigo, pole. Umejikwaa, pole. Umetoka kazini huna hata jasho, pole na kazi. Na kila ilipotamkwa, mbwa yule aliacha alichokuwa anafanya akaja kuitikia. Wiki hiyo hiyo jirani wa ukuta wa pili alifiwa na shangazi yake. Watu wakajaa uani kwake, pole huku, pole kule, poleni sana. Dada alipotazama, mbwa alikuwa ameshauruka ukuta na yuko katikati ya waombolezaji, anaitikia mmoja baada ya mwingine. Wafiwa walisema hawajawahi kuona mbwa mwenye ubinadamu kama ule.

"Muite jina lake, yaishe," nilimwambia shemeji.

"Jina lake ni Jenerali," akasema. "Hajazoea cheo, basi."

Wiki ya pili akabadilisha mbinu. Alisema tatizo ni makazi: mbwa kulala chini ya meza ya mke wa mtu kunamshusha hadhi. Akajenga kibanda uani kwa mbao za makreti na bati moja, akaandika JENERALI mlangoni kwa rangi nyekundu. Kibanda kilikuwa kizuri, sitamnyima haki yake. Ila mbwa alikinusa, akaenda kulala kwenye jua.

Sasa katika udereva kuna kitu tunaita kuonyesha kwa vitendo. Jumatatu asubuhi, dada akiwa ameenda kununua vifungo, shemeji aliamua kumwonyesha mbwa jinsi ya kuingia kibandani. Na kwa kuwa yeye ni mwalimu wa udereva, aliingia kinyumenyume.

Miguu iliingia. Makalio yaliingia kwa mazungumzo. Tumbo lilipofika mlangoni, mkanda wake ukanasa kwenye msumari, na hapo safari ikaisha. Ndani hawezi kwenda, nje hawezi kutoka. Kichwa na mkono mmoja viko uani, vinapigwa na jua.

Haya niliyajua baadaye. Mimi nilikuwa ofisini nimekaa na wanafunzi wawili waliokuwa wanamsubiri, na simu yake inaita tu. Saa nne kasoro nikaenda kumtafuta. Nikapita nyumba nzima, nikatokea uani, nikaona kichwa cha shemeji yangu kimetoka kwenye mlango wa kibanda, chini ya neno JENERALI. Mbwa amelala mbele yake, kidevu amekilaza kwenye ule mkono mmoja, anakoroma.

"Shemeji, unafanya nini humo?"

"Punguza sauti," akanong'ona.

"Umekwama?"

"Tangu saa mbili na nusu."

"Na hiyo sauti yako yote, hukuita hata jirani?"

Akamwangalia mbwa. "Nilitaka kuita. Nikafungua mdomo kabisa. Ndipo nikamwona anakuja, mwenyewe, sijamwita." "Ningepayuka angekimbia."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, shemeji hachekwi na mwingine kabla yangu, lakini kicheko hakikutoka. Kilikuja kutoka baadaye, nikiwa mlango wa nje, na ilibidi nishike nguzo.

Dada aliporudi na vifungo vyake alimkata mkanda kwa mkasi wa vitambaa. Shemeji alitoka amejaa vumbi la mbao. Mkono aliolaliwa aliuvuta taratibu, kidole kimoja kimoja, mbwa asiamke.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kidogo kidogo. Nilimsikia mara moja jikoni, akidhani yuko peke yake, akisema, "Pole, njoo ule." Aliponiona alijifanya ananipa pole mimi. Kisha ikabidi mbwa aanze kuja kazini, kwani siku akiachwa alikaa mlangoni mpaka jioni hagusi maji. Akapewa kiti cha nyuma cha kigari cheupe.

Wanafunzi waliingiwa na hofu. Mtu akizima gari katikati ya njia panda, alizoea kusikia radi. Sasa alisikia mwalimu akimeza kitu kikubwa, mishipa ya shingo imesimama, halafu kisauti kinatoka: "Tulia. Washa tena." Mmoja alikuja ofisini kuniuliza kama mwalimu anaumwa. Mwingine aliuliza kama ameokoka. Na akisema "polepole hapo kwenye kona," mbwa alijua ameitwa mara mbili, akaweka kidevu begani kwa dereva. Wengine walitoa mlio. Lakini mwezi ule waliofanya mtihani walikuwa watano, na wote watano walifaulu, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye daftari langu.

Yule mtunzaji yeye aliacha masomo kwa muda. Alisema si vizuri mkaguzi na mkaguliwa wakae gari moja.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Shemeji aliamka mapema akapiga pasi shati, akalivaa, akalivua, akapiga jingine. Mimi niliitwa kama ndugu wa kutoa ushahidi. Koni zilipangwa uani. Mbwa alichanwa manyoya mpaka akapiga chafya.

Mtunzaji akaingia na faili lake. Akaangalia bakuli, akaangalia maji, akamwangalia mbwa meno. Shemeji alijibu maswali yote: anakula mara mbili, asubuhi na jioni, haogi kwa maji baridi, anaogopa fagio, anapenda kukunwa nyuma ya lile sikio lililokunjika. Kila swali mguu wake ulibonyeza sakafu, kama unatafuta pedali. Nikaikumbuka miguu ya wanafunzi juu ya klachi.

"Vizuri," mtunzaji akasema. "Sasa nionyeshe ulichomfundisha."

Shemeji akasimama. "Pole," akasema kwa upole. "Kaa."

Pole akapiga miayo.

"Pole. Kaa, tafadhali."

Pole akamfuata kwa macho kipepeo aliyepotelea ukutani.

"Jana alikaa," shemeji akasema.

"Anhaa."

"Kweli. Muulize mke wangu."

"Alilala," dada akasema kutoka dirishani. "Alikaa akiwa njiani kwenda kulala."

Mtunzaji akafungua faili, akachomoa kalamu. Alikuwa anaandika, na sisi wote tulikuwa tunasikiliza ile kalamu. Hapo shemeji yangu alifanya kitu ambacho katika miaka kumi na sita sijawahi kumwona akifanya.

"Dada," akamwambia mtunzaji, "nilikudanganya. Sijawahi kufuga mbwa. Wala paka. Nilipokuwa mdogo nikiona mbwa napanda ukuta, na hata sasa yule wenu mweusi namwota. Hakuna nilichomfundisha huyu. Hajui kukaa, hajui kulinda. Juzi fundi bomba alipoingia, mbwa akamletea kiatu. Andika yote hayo." Akafuta uso kwa mkono wa shati jipya. "Ila usimrudishe. Alishazoea chini ya meza. Akirudi kule ataona ni yeye aliyekosea."

Hata cherehani ilikuwa imesimama.

"Mwalimu," mtunzaji akasema, bado anaandika, "nilijua tangu siku ile ya kwanza. Mtu aliyewahi kufuga mbwa hashiki kamba kwa mikono miwili kama usukani."

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Kwa sababu aliinuka." Akasaini chini ya ukurasa, akageuza faili ili naye asaini. "Na nimesikia wale watano walifaulu. Jumatatu naanza tena masomo. Nataka kiti cha nyuma kiwe na mtu."

Shemeji alikaa kwenye kigoda cha mlangoni asaini. Sahihi yake ikatoka kama ramani ya barabara mbovu. Pole akaja, akazunguka mara mbili, akajitupa juu ya mguu wake wa kulia. Sekunde kumi hazikupita, kakoroma.

Mtunzaji akaaga. Nikasubiri.

"Shemeji, saa tatu hii. Una mwanafunzi."

"Naona," akanong'ona. "Waambie nakuja. Akiamka."

Nikarudi ofisini peke yangu, nikawatangazia waliokaa kwenye benchi kwamba mwalimu atachelewa, mguu wake umeshikwa na mbwa. Nakiri ningeweza kuchagua neno bora zaidi. Saa sita ndipo alipotokea, anachechemea, mguu umekufa ganzi hadi pajani, mbwa yuko nyuma yake amepumzika vizuri. Benchi zima likainuka kumpisha. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Mwalimu Breki alipambana na jibwa kali kwa saa tatu nzima, likamuuma, naye hakupiga hata ukelele mmoja.

Jioni alikuja dirishani kwangu, akaegemea kizingiti, akahakikisha hakuna mtu karibu.

"Shemeji yangu," akasema, "hizo habari za jibwa, si lazima uzisahihishe."

Nimeanza kuzisahihisha, na nimeanza na wewe, msomaji.